Programu haiuzwi kwa kilo

Mtwara kila kitu cha maana hupanda mizani. Korosho hupimwa kwenye chama cha msingi na kupimwa tena kwenye ghala kuu. Pweza hupimwa, chumvi hupimwa. Halafu anatokea kijana na simu mkononi, anasema ametengeneza programu ya kutunza hesabu za duka, na mwenye duka anamuuliza swali ambalo angemuuliza mtu yeyote mwenye mzigo: unauzaje?

Kijana anakwama. Bei anazo, tena tatu au nne kichwani, ila hajui hasa anachouza ni nini. Akisema laki tatu, ataulizwa kama simu imo humo humo. Akisema elfu kumi kwa mwezi, ataulizwa ni ya kitu gani kila mwezi, wakati programu ni ile ile ya jana. Na akisema ni bure, atanunuliwa soda, kisha kesho asubuhi ataitwa aje kutazama printa iliyogoma.

Nimesikia mazungumzo ya namna hii mara nyingi hata nimeacha kuyacheka, kwa sababu swali la mwenye duka ni zuri na linastahili jibu la taratibu. Mtengeneza programu anayejitegemea, asiyeajiriwa na kampuni wala wizara, anauza nini pwani ya kusini? Mwenzake wa Dar es Salaam ana vituo vya ubunifu kama Buni Hub, kilicho chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ana mashindano, ana wafadhili wanaopitapita. Huku, karibu kilomita 560 kutoka Dar kwa barabara, anaitwa "mtu wa kompyuta" tu, na cheo hicho kinabeba yote: kufufua simu iliyotumbukia majini, kuchapa barua ya kuomba kazi, kumjazia mtoto wa jirani fomu ya mkopo wa chuo. Sidharau kazi hizo. Kwa wengi ndizo zinazolipa kodi ya chumba wakati programu yenyewe bado ni ndoto.

Njia ya kwanza inayomjia kila anayeanza ni duka la Google, Play Store. Kuandikisha akaunti ni dola 25, unalipa mara moja basi. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na kwa kuwa simu nyingi mtaani ni Tecno, Itel na Infinix, hakuna anayepoteza usingizi kwa ajili ya iPhone. Dola 25 zinapatikana. Kizingiti kiko mbele kidogo. Tangu Novemba 2023, programu ya akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ijaribiwe na watu 20 kwa siku 14 mfululizo kabla haijaruhusiwa kutoka hadharani. Desemba 2024 idadi ikapunguzwa hadi watu 12. Kumi na wawili ni wachache ukiwahesabu harusini. Wanakuwa wengi ukitaka kila mmoja awe na simu ya Android, awe na bando, awe na nafasi kwenye simu, na asiifute programu yako kwa wiki mbili. Siku ya tisa shemeji yako anarushiwa video za ngoma ya unyago, simu inamwambia imejaa, na kitu cha kwanza kufutwa ni hicho asichokijua kazi yake.

Tuseme kijana wetu amevuka. Google huchukua asilimia 15 ya mauzo hadi yafike dola milioni moja kwa mwaka, utaratibu ulioanza Julai 2021. Wengi hulalamikia makato hayo, nami naona wanalalamikia mwiba huku kisu kimekaa ubavuni. Kisu ni kwamba fedha za mteja wake ziko M-Pesa, Mixx, Airtel Money au Halopesa, naye hajawahi kuweka kadi ya benki kwenye simu wala hana haja ya kuanza leo kwa ajili ya programu ya mtoto wa Mama Fulani.

Basi aweke matangazo? Tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuchukulie analipwa nusu dola kwa kila mara 1,000 tangazo linapoonekana. Ili apate dola 100 kwa mwezi, matangazo yaonekane mara 200,000. Akiwa na watumiaji 1,000 wanaofungua programu kila siku bila kukosa, kila mmoja atazame matangazo karibu saba kwa siku. Mwenye duka anayehesabu chenji huku mteja wa sukari amesimama mlangoni hataki kuoneshwa matangazo saba. Hata mawili hayataki.

Hata waliofanikiwa hawakubaki kumtegemea mteja wa hapa. NALA, programu ya Benjamin Fernandes, ilianza mwaka 2017 kwa kumsaidia Mtanzania kutumia huduma za fedha za simu bila bando. Lilikuwa wazo la hapa hapa, la tatizo la hapa hapa. Leo kampuni hiyo inajulikana zaidi kwa kutuma fedha kutoka Ulaya na Marekani kuja Afrika. Ilimfuata mteja mwenye pauni na dola. Simlaumu mtu, nataka tu ionekane kwamba programu inayopendwa na programu inayolipa huenda zikawa mbili tofauti.

Wazo linalofuata huwa ni la bahari, nami nina udhaifu nalo. Mtu aliyekulia Mikindani au Msimbati akijifunza kuandika programu, mapema sana atataka kutengeneza ya maji kujaa na kupwa. Ni kazi tamu. Hesabu yake inajulikana: maji hujaa takribani kila baada ya saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Katikati yake ni maji mafu. Yote hayo simu inaweza kuyakokotoa yenyewe, bila seva, bila intaneti, mwaka mzima mbele. Kwa anayejifunza sijui somo bora zaidi.

Lakini nani atainunua? Mama anayeshuka mwambani na kijiti chake kutafuta pweza anahesabu tarehe za mwezi tangu utotoni. Anajua leo maji yatatoka lini na yatatoka kiasi gani, tena anajua na kitu ambacho programu haikijui, kwamba upepo wa kusi ukivuma sana mwamba fulani hausimamiki. Kumuuzia mama huyu jedwali la maji ni kumuuzia njia ya kwenda kisimani kwake. Asiyejua ni mgeni, ni mtafiti aliyekuja kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ni mwenye nyumba ya wageni anayepeleka watu kuogelea. Hao wapo. Lakini ni wachache, na huja na kuondoka.

Hapo tumepata jibu la kwanza, walau la upande wa kukanusha. Habari ambayo watu tayari wanayo haiuziki hata ukiipamba.

Sasa tuje kwenye korosho, kwa sababu Mtwara kila hesabu huishia huko. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye zao hili mkoani mwaka 2007, baada ya sheria ya 2005. Mkulima hapeleki korosho kwa mnunuzi. Anapeleka kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zinapimwa, zinaangaliwa ubora, anapewa stakabadhi. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unaingizwa kwenye mnada wa chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala. Wanunuzi wanaweka bei zao, wakulima wanakubali au wanakataa, na fedha zikishalipwa hupitia benki hadi kwenye akaunti ya mkulima. Tangu msimu wa 2024/2025 minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Msimu huo minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu waliimba.

Mtengeneza programu akitazama mlolongo huo anaona hazina. Watu maelfu kwa maelfu, wote wakisubiri namba moja! Atengeneze programu ya bei ya mnada, kila mkulima alipe shilingi mia tano, utajiri huo hapo.

Tatizo la namba hiyo ni kwamba haifichiki. Mnada unafanyika mbele ya watu. Kabla mwenye programu hajafungua laptopu, bei imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp, redioni, na kwenye kijiwe cha bodaboda. Wakenya walijaribu kitu cha jamaa hii mapema kuliko sisi: mwaka 2010 Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walianzisha M-Farm, mkulima akituma ujumbe anapata bei za masoko na kuunganishwa na wanunuzi. Kwa mazao yanayouzwa kwa dalali barabarani, ambako bei ni siri ya dalali, wazo hilo lilikuwa na meno. Kwa korosho, ambako bei hutangazwa, meno hayana pa kuuma.

Muulize mkulima wa Tandahimba kinachomuuma. Hatakutajia bei. Atakutajia mjengeko wa bei: mnada umesema hivi, mbona kwenye akaunti imeingia hivi? Kuna ushuru, kuna usafirishaji, kuna gharama za ghala, kuna ya chama. Atakutajia na kusubiri: mzigo wangu uliingia mnada wa ngapi, na malipo yako wapi? Hizo ndizo habari ambazo mtu angezilipia. Na zote ziko ndani ya vitabu na kompyuta za chama, benki na ghala. Kijana hawezi kuzichota kutoka nje kama maji ya mvua. Anahitaji ruhusa, na ruhusa hutolewa na bodi, na bodi hukutana kwa ratiba yake.

Tena siku hizi Serikali imeingia yenyewe. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa usimamizi wa vyama, MUVU. Mnada una TMX. Malipo ya Serikali yana namba zake za kumbukumbu. Mfumo mmoja wa Serikali kwa vyama vyote una faida kubwa kwa mkulima, nami sioni sababu ya kuusikitikia. Lakini mtu aliyekuwa akienda AMCOS moja moja kuuza programu ya daftari la mizani anapaswa kujua kwamba soko hilo limefungwa, au linafungwa.

Na kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya biashara vya ughaibuni havina sura yake. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za minada ya kwanza, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, Jeshi la Wananchi likasomba mizigo. Fikiria mtu aliyekesha miezi sita akiandika programu iliyojengwa juu ya mnada. Msimu ule mnada ulikufa katikati. Programu yake haikuwa na kosa hata moja, ila ilikuwa imejengwa juu ya kanuni, na kanuni ni mali ya mwenye nazo.

Kinachobaki kwa mtu anayejitegemea ni pembeni ya mfumo, napo ni papana kuliko panavyoonekana. Msafirishaji mwenye malori mawili anayepigwa kwenye mafuta. Shule binafsi yenye ada za wanafunzi mia tatu kwenye daftari moja. Mwenye duka mwenye daftari la madeni lenye maneno "atalipa korosho". Na vikoba.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, nitakieleza kidogo. Nilikaa siku moja barazani Magomeni, Mtwara mjini, siku ya kikao. Sanduku la bati liko katikati ya mkeka, lina kufuli tatu, na funguo tatu wanazo wanachama watatu ambao si ndugu wala si mashoga. Mwenye kulala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kijana alikuwa amewaletea programu ya hisa na mikopo, nzuri, ina rangi, inajumlisha yenyewe. Mama mmoja aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Mwanangu, humo ndani anafungua nani?"

"Katibu, mama. Ana namba yake ya siri."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

Mama hakujibu. Aligonga kufuli kwa ukucha, moja, ya pili, ya tatu, akageukia mambo mengine.

Kijana alikuwa amefikiri anashindana na daftari, kumbe alikuwa anashindana na lile sanduku. Daftari unaweza kulishinda kwa kujumlisha haraka. Sanduku ni kanuni ya kutoaminiana iliyotengenezwa kwa bati, nalo limetatua tatizo ambalo programu yake haikuwa imeligundua. Alirudi baada ya wiki mbili na toleo ambalo rekodi haibadiliki mpaka watu watatu waweke namba zao. Siku hiyo alipewa chai. Daftari hawakulitupa, hadi leo wanaandika kotekote, na nadhani wako sahihi.

Kuna sababu nyingine ya kina mama kuwa wagumu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tangazo hilo lilikuta watu wameshaungua. Mtu alikuwa akikopa elfu hamsini, akichelewa siku mbili, bosi wake, mkwe wake na imamu wanapata ujumbe kwamba huyu ni mdaiwa, kwa sababu siku ya kupakua alibonyeza "ruhusu" na orodha yake yote ya namba ikachukuliwa. Baada ya hapo programu yoyote inayoomba kuona majina ya simu inatazamwa kama mwizi aliyebisha hodi. Ushauri wangu ni mfupi: usiombe kisichohitajika, hata kama kingekurahisishia kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasema hivyo pia kwa lugha yake. Inamtambua mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake, na kijana anayetunza madeni ya duka la mtu kwenye seva yake ni mchakataji, ajue asijue.

Tugeukie ufundi wenyewe, maana pwani ya Ruvuma ina mitego ambayo mwandishi wa programu wa San Francisco hawezi kuiota.

Nenda Kilambo, kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji, au vijiji vya kandokando ya mto. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikinasa mnara wa ng'ambo, inarudi nyuma saa nzima. Ukipiga hatua chache ikanasa mnara wa huku, inaruka mbele tena. Mwenye simu hacheki wala halii, ameshazoea. Lakini weka programu ya mizani humo. Gunia la kwanza limepimwa saa nne kamili asubuhi kwa simu iliyoshika mnara wa Tanzania. La pili limepimwa dakika kumi baadaye kwa simu ya karani mwingine, iliyovuka mpaka bila kuhama kiti, nayo inaandika saa tatu na dakika kumi. Kwenye orodha gunia la pili limekuwa la kwanza. Mkulima akiambiwa alikuja kabla ya jirani yake aliyemkuta kwenye foleni, ugomvi huo hautaisha kwa kumweleza habari za minara. Dawa yake ni kuhifadhi muda wote kwa saa ya Greenwich ndani ya programu, na kumwonesha mtu saa za Tanzania popote simu inapodhani ipo. Ni mistari michache tu, lakini hakuna atakayeiandika asiyewahi kusimama Kilambo.

Na hata saa yenyewe ina lugha. Simu inaandika 9:00, mtu anasema saa tatu. Anayeandika ukumbusho wa "kikao saa 3:00" lazima aamue anaandikia nani.

Maneno nayo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kazi ya heshima iliyohitaji kubuni istilahi nyingi. Wengi hawakuwahi kuiona. Kiswahili cha mashine kilichoingia vichwani mwa watu ni kile cha menyu ya simu: weka namba ya siri, thibitisha, rudi nyuma, salio. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, bibi asiyejua kusoma gazeti anajua *150*00# inampeleka wapi. Mwenye busara huazima msamiati huo kama ulivyo, hata pale anapojua neno zuri zaidi. Na kwa wenye viswaswadu, simu ndogo za vitufe, ambao bado ni wengi vijijini, huenda asitengeneze programu ya kupakua kabisa. Ujumbe mfupi wa herufi 160 unatosha kumwambia mtu mzigo wake umefika ghala gani. Bahati yetu Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo herufi 160 zinabaki 160. Ujumbe wa Kiarabu huishia 70.

Halafu kuna umbali. Mei 2024 ilitufundisha umbali kwa vitendo. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, na mabasi yakalala njiani. Tarehe 12 mwezi huo huo mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika huko kusini, na intaneti nchini ikawa ya kukokota. Ndani ya siku nane Mtwara ilipoteza njia ya gari na njia ya data. Programu zilizokuwa zikiuliza seva ya Ulaya kabla ya kufungua ukurasa ziligeuka picha ya duara linalozunguka. Zilizokuwa zikiandika kwanza kwenye simu yenyewe, kisha kutuma mtandao ukirudi, ziliendelea kama kawaida, na wenye maduka hawakugundua lolote. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa, katikati ya msimu wa korosho. Anayeandika programu kwa ajili ya huku asichukulie mtandao kukosekana kuwa ajali. Auandike kama sehemu ya kazi, kama muunda mashua anavyoweka ndoo ya kufua maji.

Umeme je? Mkoa unaosukuma gesi ya Mnazi Bay kupitia Madimba hadi Dar es Salaam umewahi kukaa gizani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nunua betri.

Turudi kwenye swali la mwenye duka. Tumeona hauzi habari, maana habari inapatikana bure au imefungiwa pasipofikika. Hauzi faili la programu, maana hilo linarushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu kama wimbo. Kinachonunuliwa ni rekodi ambayo pande mbili zimekubali kuiamini, pamoja na mtu anayejulikana anakokaa, atakayekuja ikiharibika. Mwenye duka akimlipa kijana wa Chikongola badala ya kutumia programu ya bure kutoka India, analipia uwezo wa kumfuata nyumbani kwao. Sioni aibu katika hilo. Ndiyo faida pekee ambayo kampuni kubwa haiwezi kuinunua.

Ila kitu hicho kinaharibika kisipotunzwa. Android inabadilika, Google wanadai toleo jipya, mtandao wa simu unabadilisha jina, kama Tigo ilivyogeuka Yas mwaka 2024, na maandishi yote yenye "Tigo Pesa" yanapaswa kubadilishwa. Kazi hii haionekani, na isiyoonekana hailipwi. Vijana wengi niliowaona wakiacha hawakuacha kwa kukosa wateja. Waliacha wakiwa na wateja kumi na watano waliolipa mara moja tu miaka miwili iliyopita, na wote kumi na watano wanapiga simu.

Suluhisho la vitabuni ni malipo ya kila mwezi. Huku hayashikiki, kwa sababu fedha ya huku haiji kila mwezi. Machi na Aprili mfuko mtupu. Oktoba hadi Desemba hata muuza chapati anafunga hesabu zake. Mwenye duka amelijua hilo miaka yote na ndiyo maana anakopesha hadi korosho. Wapo pia wa kangomba, wanaotumia ukame huo huo kununua korosho kwa mkulima kabla ya msimu kwa bei ya kutupa. Mtengeneza programu afuate kalenda hiyo hiyo, kwa nia tofauti: atoe huduma mwaka mzima, alipwe mara moja fedha inapokuwepo. Kipimo chake kiwe msimu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama uko Mtwara na una programu ya kuuza, nenda kwa mteja Mei au Juni, wakati watu wanahangaika na salfa ya mikorosho. Chukua kianzio kidogo, cha kukuonesha tu kwamba hatanii. Andikianeni karatasi inayosema msimbo ni wa nani, taarifa ni za nani, na utakuja kutengeneza mara ngapi bila kudai zaidi. Mwachie aitumie miezi minne mitano, aone makosa yake, nawe uyarekebishe. Malipo ya mwaka mzima yaandikwe yaangukie wiki mbili baada ya mnada wa kwanza, si siku ya mnada wenyewe, maana fedha za mnada huchelewa kuingia benki.